Akishikwa Ugenini, Nani Atamsemea?

Msichana wa Gatina anayetaka kwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh huanza safari yake kwa kuchukuliwa alama za vidole. Vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, kisha anasubiri cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Anakilipia shilingi 1,050. Cheti hicho kinasema hana rekodi ya uhalifu nchini Kenya, na bila hicho wakala hasogezi faili lake. Vinafuata kipimo cha afya, mafunzo, pasipoti, na mkataba ambao mara nyingi anatakiwa kuutia sahihi kabla hajausoma wote. Anaondoka akiwa na karatasi ya serikali yake inayomshuhudia kuwa ni mtu safi.

Miezi michache baadaye anadai mshahara uliocheleweshwa. Mwajiri anawapigia simu polisi na kusema ameibiwa dhahabu. Au hajisumbui hata kwa hilo: anaripoti tu kwamba mfanyakazi wake ametoroka, kosa ambalo huko huitwa huroub, na tangu hapo binti huyo anahesabika kama mhalifu wa uhamiaji. Pasipoti yake imo mikononi mwa huyohuyo anayemshtaki. Akishikwa anapelekwa tarhili, kituo cha wanaosubiri kurudishwa kwao, na huko hakuna anayemwuliza habari za cheti cha tabia njema.

Gatina ni wadi ya Dagoretti Kaskazini jijini Nairobi, upande wa Kawangware unaopakana na Lavington, mtaa wa wenye uwezo. Kila asubuhi wanawake wa hapa hupanda kwenda kwenye malango ya Lavington kutafuta nguo za kufua, na wakibahatika hurudi jioni na pesa ya siku moja. Kwa mtu anayeishi hivyo, mshahara wa mwezi mzima alioahidiwa na wakala haumvutii kwa tamaa. Amepiga hesabu ya karo, kodi ya nyumba na dawa za mama, akaona inajipa. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba alijitakia. Nataka tutazame kinachompata mtu pale serikali ya nchi ngeni inapomnyooshea kidole kwa jambo analolikana, na kwa nini wengine hutoka baada ya siku tatu ilhali wengine husahaulika.

Nikiziweka pamoja kesi za Wakenya walioshikwa nje katika miaka 15 hivi iliyopita, naona uzito wa tuhuma na ubora wa ushahidi haukuwa na neno kubwa katika muda waliokaa ndani. Kilichokuwa na neno ni nani aliyewasemea, na aliwahi kiasi gani. Msemaji wa kwanza wa raia aliye ugenini anapaswa kuwa serikali yake. Serikali ya Kenya, kwa mambo iliyoyafanya au kuyaruhusu yafanyike hapahapa Nairobi, imeidhoofisha sauti yake yenyewe.

Kesi ya Al-Amin Kimathi ina karibu kila kitu ndani yake. Julai 11, 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala, kwenye mgahawa wa Kihabeshi wa Kabalagala na kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, yakaua watu zaidi ya 70. Al-Shabaab walikiri kuhusika. Wiki zilizofuata, Wakenya walianza kuchukuliwa Kenya na kuvushwa hadi Uganda bila kufuata utaratibu wa kisheria wa kumkabidhi mshukiwa kwa nchi nyingine. Kimathi, aliyeongoza Muslim Human Rights Forum, alilipigia jambo hilo kelele. Septemba 15, 2010 alikwenda Kampala na wakili Mbugua Mureithi kufuatilia kesi ya Wakenya hao. Wakashikwa wote wawili. Wakili aliachiliwa baada ya siku chache na kurudishwa Kenya. Kimathi alishtakiwa kwa ugaidi na mauaji, mashtaka yaleyale ya watu aliokwenda kuwafuatilia, akapelekwa gereza la Luzira. Alikaa huko mwaka mzima. Septemba 2011 upande wa mashtaka ukaondoa mashtaka yake, kesi ikiwa haijasikilizwa.

Mwaka mzima wa maisha ya mtu ulikwenda, na hakuna shahidi aliyepanda kizimbani kumtaja. Tuhuma haikuhitaji kuthibitishwa ili imwondoe njiani. Kelele ya Nairobi kuhusu Wakenya waliovushwa mpaka ilipungua, kwa kuwa mpiga kelele mwenyewe alikuwa ndani.

Malcolm Bidali, Mkenya mwingine, alikuwa bawabu Doha. Alikuwa akiandika mtandaoni, kwa jina la kujificha, kuhusu maisha ya wafanyakazi wa kigeni: vyumba vya kulala vilivyosongamana, zamu ndefu, mambo ambayo kila mlinzi wa Kiafrika Qatar anayajua. Mei 4, 2021 alichukuliwa kutoka makazi ya wafanyakazi. Serikali ya Qatar ilisema kwanza kwamba anachunguzwa kwa kuvunja sheria za usalama, na mwisho wa mwezi ikasema ameshtakiwa kwa kupokea malipo ya wakala wa kigeni ili asambaze habari za uongo. Alifungiwa peke yake karibu mwezi mzima. Julai akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kuchapisha habari za uongo, na Agosti akaondoka Qatar. Shtaka zito la kutumiwa na wakala wa kigeni liliishia katika faini ya maandishi. Sioni namna ya kuyasoma mabadiliko hayo isipokuwa kwamba mashirika ya haki za wafanyakazi yaliyomfahamu yalianza kuuliza yuko wapi siku zilezile za kwanza, na Qatar ilikuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la 2022, haikutaka jina hilo lizidi kutajwa.

Bawabu asiyeandika, asiyejulikana na shirika lolote, hana watu wa kuuliza yuko wapi. Ana mama yake Gatina na kikundi cha WhatsApp cha familia. Simu yake ikizimika, siku ya kwanza nyumbani wanadhani chaji imekwisha, ya pili wanadhani amenyang'anywa simu na bosi. Wiki ikipita mtu anasema waende ofisini, na hawajui ni ofisi gani. Wakifika wanaulizwa namba ya pasipoti, jina la mwajiri, mji, na jina la kampuni iliyompeleka. Mara nyingi walichonacho ni namba ya simu ya wakala isiyopokelewa tena na sauti moja iliyorekodiwa, binti akisema kwa haraka kwamba mambo si mazuri.

Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake zaidi ya 70 wa Kenya waliofanya kazi za nyumbani Saudia. Walieleza siku za kazi za saa 16 na zaidi, pasipoti na simu kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa. Chini ya utaratibu wa kafala, ruhusa ya kuishi nchini imefungwa kwa jina la mwajiri, na ndiyo sababu tuhuma ya mwajiri ina nguvu kuliko neno la mfanyakazi. Akitoka nyumba hiyo bila idhini, hata akikimbia kipigo, kisheria ametoroka. Wakenya walioko huko humwita mtu wa namna hiyo kemboi, na makemboi huishi kwa vibarua vya kujificha, wakiogopa kwenda hospitali na wakiogopa polisi. Kemboi hashikwi kama mwanaharakati anavyoshikwa. Hakuna anayemwogopa. Lakini serikali ngeni imeichukua tuhuma ya mtu mmoja ndani ya nyumba yake na kuifanya tuhuma ya dola, na hapo ndipo kesi yake inapofanana na ya Kimathi.

Kinshasa ilionyesha jinsi mambo yanavyokwenda pale anayesema ana kitu cha kuzuia. Aprili 19, 2024, wafanyakazi wawili wa Kenya Airways walishikwa na ujasusi wa kijeshi wa Kongo kwa sababu ya mzigo wa thamani uliodaiwa kukosa karatasi za forodha. Kampuni ilisema mzigo haukuwa umepokelewa kusafirishwa, kwa sababu hizohizo za karatasi kutokamilika. Mahakama ya kijeshi iliamuru waachiliwe, lakini wakaendelea kushikiliwa. Mwisho wa mwezi ndege za Kenya Airways zikaacha kwenda Kinshasa. Mwanzoni mwa Mei walikuwa huru na safari zikarejea. Amri ya mahakama haikuwatosha, na ndege zilipokoma ndipo mambo yakaenda. Msichana wa Gatina hana ndege za kusimamisha. Kenya, kwa upande wake, inazo njia: mikataba ya kazi na nchi za Ghuba, idadi ya watu inaowaruhusu kuondoka, leseni za mawakala. Inasita kuzitumia kwa sababu ya pesa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na Saudia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa pesa hizo. Serikali inayotangaza nafasi za kazi Ghuba kama mafanikio yake huona taabu kumkasirikia mnunuzi.

Sheria yenyewe ipo. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, katika kifungu cha 36, unasema mgeni akishikwa lazima aambiwe, bila kuchelewa, kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe. Akitaka, wenye kumshika wanapaswa kuujulisha. Ofisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea, kuwasiliana naye na kumtafutia wakili. Mataifa makubwa pia yamekipuuza kifungu hiki: mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona Marekani imekikiuka kwa ndugu wawili Wajerumani waliouawa kwa hukumu ya kifo Arizona miaka miwili kabla ya hukumu hiyo.

Lakini kesi ambayo Waafrika tungepaswa kuijua zaidi ni ya Ahmadou Sadio Diallo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Guinea aliyehamia Kongo mwaka 1964, akajenga kampuni Kinshasa, akaanza kuzidai serikali na kampuni kubwa za mafuta pesa nyingi. Novemba 1995 akakamatwa, akashikiliwa miezi, na Januari 31, 1996 akafukuzwa nchini, kwa kisingizio cha kuhatarisha utulivu. Guinea ikalipeleka shauri The Hague. Novemba 30, 2010 mahakama iliamua kwamba Kongo ilimkamata na kumfukuza kinyume cha sheria, na kwamba haikumwambia haki yake ya ubalozi. Mwaka 2012 ikaamuru Guinea ilipwe dola 95,000 kwa madhara yaliyompata. Guinea si nchi tajiri kuliko Kenya. Iliamua tu kwamba mtu wake mmoja anatosha kuishtaki nchi nyingine, ikang'ang'ana tangu mwaka 1998 hadi mwisho.

Karibu zaidi na sisi kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Hapa raia mwenyewe anaweza kwenda, bila kuisubiri serikali yake. Samuel Mukira Mohochi, wakili Mkenya, alizuiwa kuingia Uganda uwanjani Entebbe Aprili 2011, akawekwa kizuizini hapo kwa saa kadhaa na kurudishwa Nairobi akiitwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Alishtaki, na Mei 17, 2013 mahakama ikasema Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya: raia wa nchi mwanachama hawezi kutimuliwa mlangoni bila kupewa sababu na nafasi ya kujieleza. Hukumu hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila ofisi ya uhamiaji kutoka Namanga hadi Mutukula.

Mahakama hiyohiyo, hata hivyo, ina mlango unaofungwa upesi. Kifungu cha 30 cha Mkataba kinampa mlalamikaji miezi miwili tangu tendo lilipotokea au alipolijua. Wakenya waliovushwa hadi Uganda baada ya mabomu ya Kampala walipofika Arusha, Omar Awadh na wenzake sita, walisema kushikiliwa kwao kunaendelea, kwa hiyo kila siku ni kosa jipya. Mwaka 2013 kitengo cha rufaa kilikataa hoja hiyo na kusema wamechelewa. Mohochi, mtu huru na mwanasheria, aliwahi. Waliokuwa kwenye seli za Luzira, wakilinda maisha yao katika kesi ya ugaidi, hawakuwahi. Katika uamuzi huo wote, hapa ndipo ninapoumia. Sheria iliyowekwa ili kesi zisilundikane ilimnyima mlango yule ambaye alizuiwa kuufikia. Mkataba unaweza kurekebishwa. Nchi wanachama hazijafanya hivyo, na sioni ni nani kati yao ana haraka.

Somo hilo la kuwahi walilielewa Boniface Mwangi, mwanaharakati Mkenya, na Agather Atuhaire. Mei 2025 Wakenya na Waganda kadhaa walikwenda Dar es Salaam kuhudhuria kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani wa Tanzania. Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Haki wa Kenya, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu, na mwanaharakati Hussein Khalid nao walirudishwa. Mei 19 Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba wanaharakati wa nchi jirani wasiachwe kuja kuvuruga Tanzania baada ya kuvuruga kwao. Siku hiyo Mwangi na Atuhaire, mwanahabari na wakili kutoka Uganda, walishikwa. Hawakufikishwa mbele ya hakimu. Mei 22 Mwangi alipatikana Ukunda, Kwale, ameachwa kando ya barabara. Atuhaire aliachwa Mutukula, mpakani mwa Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 23. Juni 2, wakiwa Nairobi, wote wawili walieleza kwamba waliteswa na kudhalilishwa kingono. Polisi wa Dar es Salaam waliyakana maelezo hayo. Julai, miezi miwili ikiwa karibu kukatika, wakafungua shauri Arusha.

Zingatia siku. Mei 22, Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliandika barua rasmi kulalamika kwamba maofisa wake wamenyimwa nafasi ya kumwona Mwangi, na siku hiyohiyo akapatikana. Barua moja tu, iliyoandikwa baada ya siku tatu za kelele za raia mtandaoni na barabarani. Iwapo barua kama hiyo inaweza kuandikwa kwa ajili ya mtu anayejulikana na taifa zima, inaweza kuandikwa kwa ajili ya yeyote.

Oktoba 1, 2025 ilikuwa zamu ya Bob Njagi na Nicholas Oyoo, wanaharakati Wakenya waliokuwa wamekwenda kuunga mkono kampeni ya Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda. Walichukuliwa kwenye kituo cha mafuta Kireka, nje kidogo ya Kampala, na watu wenye silaha. Polisi na jeshi la Uganda walikana kuwa nao. Siku 38 zikapita, mama zao na wake zao wakizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka walipokabidhiwa mpakani Busia. Ndipo Rais Museveni alipotamka kwenye televisheni kwamba walikuwa mikononi mwa serikali muda wote, kwamba ni mabingwa wa fujo, na kwamba waliwekwa kwenye friji kwa siku kadhaa. Akaongeza kuwa baadhi ya viongozi wa Kenya walimpigia simu wakiomba waachiliwe. Kwa siku 38 mahakama na familia ziliambiwa hawapo. Hakuna tuhuma iliyoandikwa popote, hakuna hakimu, na utetezi ulikuja kwa njia ya simu ya mkubwa kwa mkubwa. Simu kama hiyo ni fadhila. Mwaka ujao inaweza isipigwe.

Na hapa linakuja swali ambalo Nairobi hupenda kulikwepa. Kenya ingesema kwa nguvu gani? Novemba 16, 2024, Kizza Besigye, mpinzani mkuu wa Museveni kwa miaka mingi, alitekwa Nairobi pamoja na mshirika wake Obeid Lutale. Alikuwa amekuja kwenye uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua. Siku nne baadaye alionekana mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala, akituhumiwa kutafuta silaha katika miji ikiwemo Geneva, Athens na hii Nairobi yetu. Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema Januari 31, 2025 kwamba raia hawawezi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na mwezi uliofuata mashtaka ya uhaini yakafunguliwa mahakama ya kiraia. Serikali ya Kenya mwanzoni ilisema haikuhusika. Mei 2025 Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi akakiri kwamba ilishirikiana na Uganda.

Miezi minne kabla ya Besigye, wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walishikwa Kisumu. Wao walisema walikuja kwa mafunzo ya uongozi. Uganda ikawashtaki kwa ugaidi. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Kituruki walichukuliwa Nairobi na kurudishwa Uturuki, nchi waliyoikimbia. Januari 12, 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania anayeishi hapa kwa hofu ya serikali ya kwao, alitekwa mchana na kuachiliwa baada ya saa chache. Nyuma zaidi, Februari 2007, Mohammed Abdulmalik, Mkenya, alishikwa Mombasa na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Alikaa Guantánamo miaka 17 bila kufunguliwa mashtaka, hadi aliporudishwa nyumbani Desemba 2024. Huyo hakuwa hata msafiri. Nchi yake ndiyo iliyomsafirisha.

Kwa hiyo Mudavadi aliposema kwenye runinga, Mei 2025, kwamba hatapinga maneno ya Rais Samia kwa kuwa yana ukweli fulani na Wakenya wamezidisha kukosa adabu, na Rais Ruto alipoiomba Tanzania msamaha kwenye maombi ya kitaifa Mei 28, siku chache tu baada ya Mwangi kuokotwa Ukunda, sikushangaa. Serikali mbili zinazosaidiana kuwanyamazisha wapinzani haziwezi kuandikiana barua kali. Atakayelipia ukimya huo ni mtu mdogo kabisa, kwa sababu mwanaharakati atapigiwa kelele na wenzake, na mfanyakazi wa ndani hana wenzake walio huru kupiga kelele.

Zipo tuhuma za kweli, na kuna Wakenya walio magerezani nje kwa makosa waliyoyatenda. Julai 2023 mwanamke mmoja kutoka Murang'a alishikwa Vietnam na kilo mbili za kokeini kwenye sanduku lake. Alijitetea kwamba alipewa sanduku na mtu alipeleke Laos bila kujua kilichomo. Machi 2025 mahakama ilimhukumu kifo. Sina uwezo wa kusema alijua au hakujua, na sihitaji. Ninachouliza ni miezi ile 20 kati ya kushikwa na hukumu: Kenya haikuwa na ubalozi Vietnam wakati huo, kazi hiyo ilifanywa kutoka Bangkok, na taifa lilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kifo kikiwa karibu. Ndipo wizara ikaanza kuzungumza na Hanoi. Mtu mwenye hatia ana haki ya wakili na mkalimani siku ile ya kwanza, sawa na asiye na hatia. Wakili akija mwezi wa 20 anakuta maelezo yamekwisha andikwa na sahihi imekwisha wekwa.

Ndiyo maana naona kazi kubwa iko kwenye siku za mwanzo, na sehemu yake inaanzia Gatina. Nakala ya pasipoti, mkataba, jina la mwajiri, namba ya kampuni na leseni yake, vibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika, na tarehe ya mawasiliano ya mwisho iandikwe kwenye daftari. Familia isiambiwe ingoje. Kwa upande wa serikali, Idara ya Masuala ya Diaspora ingetakiwa na sheria kuliarifu Bunge mara kwa mara: Wakenya wangapi wanashikiliwa nje, katika nchi gani, kwa tuhuma gani, na lini mara ya mwisho ofisa wa ubalozi alionana nao. Hakuna haja ya kuwataja majina. Tarehe ya kuonana peke yake ingetosha kumfanya balozi atoke ofisini.

Sehemu nyingine iko kwenye kituo chetu cha polisi. Kawangware ina wageni wengi kuliko inavyokiri. Wamo Wakongomani, Waganda, na vijana wa Burundi wanaopita vichochoroni na ndoo za njugu. Wakishikwa kwenye msako, ugenini kwao ni hapa, na sisi ndio serikali ngeni. Kifungu cha 36 kinaifunga Kenya pia, maana Katiba ya 2010 inasema mikataba tuliyoridhia ni sehemu ya sheria zetu. Afisa wa zamu anapaswa kumwuliza kijana wa njugu kama anataka ubalozi wake ujulishwe, na kuliandika jibu kwenye kitabu cha matukio pamoja na saa. Asimjulishe balozi bila kumwuliza, kwa kuwa baadhi yao wamemkimbia huyohuyo balozi na serikali yake, kama wale Waturuki wanne, na mkataba umeuacha uamuzi huo mikononi mwa aliyeshikwa. Wizara ikiwa na kurasa za namna hiyo kutoka vituo vya Nairobi, itakuwa na kitu cha kuweka mezani inapoidai Riyadh ifanye vivyo hivyo kwa binti wa Gatina.